Mzee wangu ana Parkinson na ameanza kujifungia ndani, waliopitia hili naombeni mwongozo

BintiMwalimu

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mnisome hata kama ni ndefu maana hili jambo limenikaa kooni muda sasa.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, miaka 71, yuko nyumbani Machame, wilaya ya Hai. Ilianza na mkono wa kulia, akiwa amekaa tu ameuweka pajani unatetemeka wenyewe, akishika kikombe unatulia, sisi tukasema uzee, wengine wakasema ni mawazo tangu mama aondoke. Mimi kilichonishtua ni mwandiko. Huyu ni mtu ambaye wanafunzi walikuwa wanaiga mwandiko wake wa ubaoni, sasa siku moja kanipa karatasi ya mahitaji ya mjini, neno la kwanza sukari limeandikwa vizuri tu, halafu herufi zinapungua, zinapungua, mpaka kufika mafuta ya taa ni vidoti, ikabidi nimpigie simu aniambie ameandika nini. Na ukimuuliza anakwambia yeye anaona ameandika kawaida.

Daktari wa mishipa ya fahamu alimwangalia anavyotembea, akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, akamkunja kunja kiwiko, akasema ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili. Akaanzishiwa vidonge vya levodopa yenye carbidopa na kwa kweli dawa ilimrudisha, alikuwa anaingia shambani kupunguza migomba mwenyewe. Ila sasa hivi dozi ya asubuhi inakata kabla ya saa ya dozi ya mchana, hapo katikati anakuwa mzito, kufunga vifungo vya shati tu ni shughuli.

Lakini kinachoniumiza zaidi sio hicho. Baba ameimba besi kwenye kwaya ya usharika tangu sijazaliwa, kaacha. Jumuiya haendi. Msibani haendi, na mnajua kwetu mtu asipoonekana msibani maana yake nini. Chanzo ni msiba mmoja hapo jirani, sahani ilimshinda mkononi wali ukamwagika, jamaa mmoja akasema kwa sauti mwalimu siku hizi anaanza pombe ya mbege asubuhi. Baba hakujibu, na uso wake siku hizi hauonyeshi kitu, hacheki wala hanuni, watu wakaona na kiburi juu. Tangu hapo ni yeye, chumba na redio. Shangazi anasema ni mambo ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, kuna mtu kamfanyia uchawi, na ameleta unga wa upupu kwa mtu anayesema ndo dawa yenyewe. Mdogo wangu wa kiume ndo anaishi naye, anamuogesha, anampikia, anamgeuza usiku, amekonda na hasemi kitu.

Mimi niko Dar natuma hela na kupiga simu basi. Naomba kwa waliopitia, hii ya dawa kukata ni kawaida? Huo upupu vipi? Na hasa hasa, kuna mtu amefanikiwa kuwafanya majirani na kanisa wamuelewe mgonjwa mpaka akarudi kwa watu? Maana kwetu harusi inachangiwa, msiba unachangiwa, ila ugonjwa wa miaka 15 nani anauchangia?

MamaWaMvita

Pole sana mwanangu, na huyo mdogo wako mpe pole zaidi. Mimi niko Mombasa, mume wangu ana maradhi haya haya, alikuwa dereva wa malori ya bandarini, kwa hiyo najua unaposema mwanamume aliyezoea kazi amekaa chumbani na redio.

La dawa kwanza. Kukata kabla ya wakati wake ni jambo linalojulikana, maradhi yanavyosonga mbele dozi moja inashika muda mfupi zaidi, mrudisheni kwa daktari awapangie upya saa, msiongeze wenyewe. Lakini angalieni na chakula. Mimi nilihangaika, leo dawa inashika kesho haishiki, mpaka muuguzi mmoja akaniuliza anameza na nini. Nikamwambia anameza na chai ya maziwa na mahamri kwa mbaazi. Akaniambia mama, hiyo mbaazi na hayo maziwa ni protini na protini na hii dawa zinagombania njia moja ya kuingia mwilini, dawa inaachwa nje. Sasa anameza na maji matupu nusu saa kabla ya kula, au akishakula tunangoja kama saa moja. Mbaazi, samaki, nyama vyote anakula, ila vingi ni chakula cha usiku. Alamu ziko kwenye simu yangu na ya mwanangu, zikilia hata kama kuna mgeni tunainuka. Na mapapai na maji kwa wingi maana choo kinakuwa kigumu sana na choo kikifunga dawa pia haifanyi kazi sawasawa.

Ramadhani nayo ilitupa shida, yeye alitaka kufunga na dawa haziruhusu masaa yote yale. Daktari akasema hapana, sheikh wetu naye akasema mgonjwa wa maradhi yasiyotarajiwa kupona hana lawama, alishe maskini kwa kila siku ya mfungo. Ilimtuliza kusikia kwa sheikh kuliko kusikia kwangu. Nakwambia hivi kwa sababu na wewe kwenu yupo mtu wa aina hiyo, mchungaji au mzee wa kanisa, ambaye neno lake baba yako analisikia.

Sasa la watu. Rafiki zake wa baraza walikuwa wanakuja saa nane saa tisa baada ya adhuhuri, na hiyo ndiyo saa yake mbaya, wanamkuta amekaza, sauti haitoki, wanakaa dakika tano wanaondoka na huruma zao, yeye anabaki amevunjika. Nikamwomba ruhusa mume wangu kwanza, nikawafuata mmoja mmoja nikawaambia njooni saa nne asubuhi, dawa imeshika, mtamkuta mtu wenu. Wakaja saa nne. Mmoja ndiye humfunga saruni vizuri wakaenda pole pole mpaka msikitini, na pale ametengewa kiti cha kuswalia, hakuna anayekikalia. Jua saa nzuri za baba yako uzigawe kwa watu, saa mbaya zibaki za nyumbani.

Na mnunulieni shuka la satini au hata kanga laini iliyochakaa alalie sehemu ya kiunoni, kugeuka kitandani kunakuwa rahisi, mdogo wako atalala.

Mzigua_Handeni

Dada msidharau dawa za asili. Upupu hata Wahindi wanautumia tangu enzi na enzi kwa ugonjwa wa kutetemeka, na mbegu zake zina kitu kile kile kilichomo kwenye vidonge vya hospitali. Babu yangu aliutumia na alikaa miaka mingi. Vidonge vyenyewe kuvipata wilayani ni bahati, mtu wa kijijini afanyeje? Shangazi yako kaleta kwa upendo.

ViungoNaMwendo

Mimi ni mfiziotherapia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kanda ya kaskazini, wagonjwa wa Parkinson nawaona kila wiki kwa hiyo niwie radhi nitaandika sana.

Nianze na upupu kwa sababu ndugu wa Handeni ameongea kweli kubwa. Mbegu za upupu zina levodopa, levodopa halisi, na kuna watafiti waliwapa wagonjwa kule Bolivia unga wa mbegu hizo zilizokaangwa wakalinganisha na vidonge, wakachapisha 2017, na unga ulifanya kazi. Lakini wale walipima kiasi cha levodopa kwenye kila dozi. Unga wa shangazi haujapimwa, mbegu za shamba hili na shamba lile hazilingani, na pia hauna carbidopa ambayo ndiyo inazuia levodopa isiishie njiani kabla ya kufika kwenye ubongo, ndo maana kichefuchefu kinakuwa kikali. Na baba tayari anameza vidonge, ukijumlisha na unga ni dozi juu ya dozi, mwili unaanza kujinyonganyonga wenyewe, presha inashuka akisimama anaanguka, au anaanza kuona watu ambao hawapo. Kwa hiyo usimgombeze shangazi, mshukuru, mwambie hicho kilichomo kwenye upupu mzee anacho tayari kwenye kidonge kikiwa kimepimwa. Nimeona shangazi wengi wakitulia kwa maelezo haya kuliko kwa kuambiwa ni ushamba.

Na hapo pa kuona watu ambao hawapo nisisitize. Ikitokea mzee akasema kuna watoto uani au kuna mtu amesimama kwenye migomba usiku, familia inarudi moja kwa moja kwenye uchawi. Mara nyingi ni dawa au ni ugonjwa wenyewe, mwambieni daktari. Msikubali apewe haloperidol ya kumtuliza. Hivyo hivyo na Plasil, naijua inavyotolewa kama pipi kila mtu akitapika, kwa mgonjwa wa Parkinson inaziba pale pale dopamini, kemikali ya ubongo inayoendesha mwendo, inapofanyia kazi, mtu aliyekuwa anatembea anakwama. Andikeni kwenye kadi yake kwa herufi kubwa ASIPEWE PLASIL WALA HALOPERIDOL, maana siku ya kuugua ghafla anaweza kuhudumiwa na mtu asiyemjua. Na levodopa haikatishwi ghafla hata kama imeisha duka la dawa, homa na kukakamaa kunakokuja kunaweza kuua. Nunueni kabla pakiti haijafika chini. Najua kuna sera ya wazee kutibiwa bure, najua pia unafika dirishani unaambiwa hiyo haipo kanunue nje, kwa hiyo hiyo hela iwekeni pembeni kila mwezi kama mnavyoweka ada.

Ugonjwa wenyewe: ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, hizo zinakufa taratibu, na mpaka mkono uanze kutetemeka sehemu kubwa imeshakwenda. Muulize baba, inawezekana miaka mingi nyuma alikuwa hasikii harufu ya kahawa ikikaangwa, au anapiga kelele na kurusha ngumi usingizini. Hakuna aliyemrushia kitu na hauambukizi. Dr James Parkinson aliwaeleza wagonjwa wa namna hii London mwaka 1817, wengine akiwaona barabarani tu, na hawakuwa na kihamba cha kugombania.

Tena niambie watu wa Hai kitu kimoja. Hapo hapo wilayani kwenu ulifanyika utafiti, watu wakapita nyumba kwa nyumba kwenye eneo lenye wakazi zaidi ya 161,000, matokeo yakatoka 2008. Waligundua wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba wana Parkinson. Walikuwa wanakaa na ugonjwa wa kutetemeka majumbani, wengine wameshaitwa walevi, wengine wamelogwa. Baba yako anayo bahati ya kujua jina la kinachomsumbua. Lichukue hilo uende nalo kwenye jumuiya, waambie kuna wengine vijijini humu humu na hawajulikani.

Mazoezi sio hiari. Kila siku saa zake nzuri atembee hatua ndefu, kisigino kwanza, mikono ikipiga mbele na nyuma, ainuke kwenye kiti bila kushika mara kadhaa. Akiacha kutembea misuli inakaza na hiyo haitibiki kwa kidonge.

FundiCherehani_Mza

Mimi ndo mgonjwa mwenyewe. Naandika kwa kuongea kwenye simu, mkisoma neno limekaa vibaya ndo hivyo. Niko Mwanza, fundi nguo, umri wangu haujafika 50, na wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa wazee, jamani sio lazima.

Dada nikwambie kilicho ndani ya baba yako maana yeye hatakwambia. Sio kwamba hataki watu. Akili iko palepale, anasikia yote, hata lile neno la mbege bado analisikia sasa hivi. Kinachotesa ni kwamba mwili unachelewa na watu hawasubiri. Unaulizwa swali, jibu unalo, mdomo unachelewa sekunde kadhaa, aliyeuliza ameshageukia kwa mtu mwingine. Ikitokea hivyo mara nyingi unaamua bora ukae ndani. Konda anapiga bodi la daladala twende twende na wewe mguu mmoja uko juu mmoja uko chini. Dukani unahesabu hela, foleni nyuma inaguna. Mimi siku hizi nikiingia dukani nasema mapema, nina ugonjwa wa Parkinson, mwendo wangu ni wa taratibu, nisubiri kidogo. Nusu ya watu wanabadilika hapo hapo, wanakushikia mlango, wanakuuliza hata mama yangu mikono inatetemeka ni hiyo?

Kingine ni kuganda. Nikifika mlangoni au sehemu nyembamba miguu inakuwa kama imeshonwa sakafuni, mwili unaenda mbele miguu haiji, ndo watu wanaanguka hapo. Mtu asikuvute mkono, akikuvuta unaanguka naye. Mke wangu anaweka mguu wake mbele yangu ananiambia uruke huu, naunyanyua naupita, basi nimeshatoka. Mlangoni kwangu na njia ya kwenda chooni nimechora mistari ya chaki sakafuni, ile chaki yangu ya kuchorea kitambaa, nikikanyaga mstari mmoja mmoja natembea vizuri. Baba yako mwalimu chaki haziwezi kumkosa. Au kuhesabu moja mbili moja mbili, au kuimba wimbo wenye mdundo. Mtu wa kwaya huyo, mwambieni aimbe tenzi ya mwendo akifika mlangoni, miguu inafuata mdundo hata ikikataa amri.

Kazini kwangu nilijua yameisha. Kutunga uzi kwenye sindano siwezi, kukata kitambaa cha harusi siwezi kujiamini. Wenzangu wa kwenye korido tukakaa, mimi sasa hivi napima wateja, nachagua mitindo, nasimamia vijana, kijana mmoja ndo mkono wangu. Naingiza kidogo kuliko zamani lakini asubuhi natoka nyumbani nina mahali pa kwenda na watu wananiita fundi. Hilo neno fundi linanisimamisha kuliko watu wanavyodhani, na baba yako anataka aitwe mwalimu kwa kazi, sio kwa heshima ya zamani tu. Mpeni kazi. Hata kuwasikiliza watoto wakisoma jioni.

Kuhusu kikundi, sisi tulianzia kwenye foleni ya klinik. Familia chache tumekaa benchi moja, kila mmoja anamwangalia mwenzake mkono unavyocheza, mama mmoja akauliza na nyie ndo hiyo hiyo? Tukabadilishana namba, tukafungua grupu la WhatsApp. Sasa dawa ikipatikana duka fulani tunaambiana, mwenye pakiti ya ziada anamkopesha aliyeishiwa ya aina ile ile na nguvu ile ile, anarudisha akipata. Tukikutana wagonjwa tunakaa upande wetu na wanaotuuguza upande wao, maana nao wana ya kwao ambayo hawawezi kuyasema mbele yetu.

Shosho_Nakuru

Nimesoma yote na nimekaa na simu mkononi muda. Hapa Nakuru nilimuuguza mama mpaka mwisho, so mimi nataka kumuongelea huyo brother wako, maana naona kila mtu anaongea juu ya mzee.

Umesema amekonda na hasemi. Hiyo ndiyo mimi nilikuwa. Unaamka usiku mara kadhaa kumgeuza, asubuhi unapika, unangoja dawa ishike, unamvalisha, unasikia mlango wa choo unajiuliza kama ameanguka. Ndugu wako mjini wanatuma M-Pesa na wanapiga simu kuuliza mama anaendeleaje, hakuna anayeuliza wewe unaendeleaje. Na ukilalamika unajisikia mtoto mbaya. Tafadhali usingoje aanguke yeye. Pesa unayotuma, tenga kiasi cha mtu wa kumsaidia hata siku mbili kwa wiki, na hizo siku brother atoke, aende mpira, aende kwa marafiki, asipangiwe kazi nyingine ya shamba. Kanisani kwetu akina mama waligawana siku, mmoja Jumanne, mwingine Alhamisi, wanakuja masaa matatu wanakaa na mama, lakini nilikuwa nimewafundisha kwanza, dawa saa ngapi, maji anywe akiwa ameketi wima, asiharakishwe. Watu wengi wanataka kusaidia, hawajui wafanye nini, wakija mikono mitupu wanakaa kwa sofa wanasema Mungu yuko. Ukiwapa kazi yenye saa na siku wanaifanya.

Nairobi kuna Africa Parkinson's Disease Foundation, wamefanya kazi ya support groups na uhamasisho miaka kadhaa sasa, watafute mtandaoni hata kama uko Tanzania, ugonjwa hauna mpaka. Na kila tarehe 11 Aprili ni siku ya Parkinson duniani, mkitaka sababu ya kuongea kanisani ombeni Jumapili iliyo karibu na hiyo tarehe. Wazee wa rika ya baba yako wanamkumbuka Muhammad Ali alivyompiga Foreman Kinshasa 1974. Waambieni ni huyo huyo, miaka kumi baadaye akaambiwa ana Parkinson, na 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mkono ukitetemeka dunia nzima ikiangalia. Hakuna mzee wa kijiji atasema Ali alikuwa mlevi.

BintiMwalimu

Sijui niwashukuru vipi. Nimesoma na kulia na kusoma tena. Fundi, nimemsomea baba maneno yako kwenye simu, yale ya watu hawasubiri, akanyamaza muda, akaniambia huyo kijana anajua. Halafu akauliza unaishi Mwanza sehemu gani, yeye alifundisha Sengerema miaka ya nyuma.

Mambo ya kufanya tumeshaanza. Dozi anameza na maji kabla ya uji wa maziwa, na mdogo wangu anaandika kwenye daftari saa dawa inaposhika na saa inapokata ili tumpelekee daktari akitupangia upya. Kadi imeandikwa lile la Plasil. Shangazi nilimweleza kama alivyosema mfiziotherapia, hakubali moja kwa moja ila unga amebeba amerudi nao, na amesema Jumatano atakuja kukaa na kaka yake ili mdogo wangu apumzike, hilo sikulitegemea kabisa. Nimemtafuta binti wa jirani atakuja siku mbili kwa wiki, namlipa mimi.

Mchungaji nimeongea naye. Alitaka kutangaza Jumapili hii hii, nikamwambia hapana tumuulize mwenyewe. Baba amesema watangaze ugonjwa ila wasimwite mbele, na amesema kama kuna wengine pale usharikani mikono inawatetemeka waje nyumbani asubuhi saa nne atawaelekeza kuhusu hospitali. Saa nne kaisema yeye mwenyewe, mama wa Mvita ubarikiwe.

Kwaya ndo bado. Anasema sauti haitoki, hata kwenye simu siku hizi lazima niongeze sauti mpaka mwisho, na akinywa maji anapaliwa mara kwa mara. Hilo nalo lina la kufanya au ndo limeisha?

ViungoNaMwendo

Halijaisha. Sauti inashuka kwa sababu misuli ya kifua na koo nayo inafanya kazi kwa udogo, yeye anasikia anaongea kawaida kama vile anavyoona ameandika kawaida. Kila siku dawa ikiwa imeshika asimame wima, avute pumzi ya kutosha, atoe aaaa kwa sauti kubwa na ndefu kadiri anavyoweza, arudie mara nyingi, halafu asome mstari wa zaburi kana kwamba anamsomea mtu aliye upande wa pili wa darasa. Atahisi anapiga kelele, mwambieni ndo sauti inayotakiwa. Mwalimu wa kwaya aje amfanyishe mazoezi ya sauti nyumbani kabla ya kumwita kanisani, kwaya yenyewe ni tiba nzuri tu ya pumzi na mdundo. Aimbe besi ameketi, mazoezi yapangwe saa za dawa, na asipewe kushika kitabu, jirani yake akishike.

Ila kupaliwa msikuchukulie poa. Maji yakiingia njia ya hewa mara kwa mara yanaleta nimonia, na nimonia ndiyo inawaondoa wengi wa hawa wagonjwa. Anywe kidogo kidogo ameketi wima, kidevu kiinamie kifuani kidogo anapomeza, asiongee akiwa na chakula mdomoni, asile saa ambazo dawa imekata. Uji mzito ni salama kuliko maji mepesi. Mkienda kwa daktari hilo la kupaliwa liwe la kwanza kumwambia kabla hata ya daftari la dozi, na kama ataanza kukohoa usiku au kupata homa msingoje tarehe ya klinik.